Kamera Mkononi mwa Askari: Ndege na Vipepeo wa Kando ya Ziwa

Askari aliye lindoni hufundishwa kwanza kutazama, kisha ndipo afundishwe kulenga. Huambiwa aligawe eneo lililo mbele yake katika mikanda mitatu, wa karibu, wa kati na wa mbali, na kila mkanda aupitie kwa macho pole pole, toka kulia hadi kushoto, akitafuta umbo lisilofanana na majani, kivuli kisicho na mti, mwendo usio wa upepo. Somo hilo tulilipata chuoni tulipokuwa maafisa wanafunzi, na kila kuruta wa jeshi au wa polisi amelionja kwa kiasi chake. Ndilo somo lile lile linalomfaa mtu aingiaye msituni na kamera siku ya mapumziko. Tofauti ni kwamba anachokitafuta hakimtafuti yeye.

Nchi yetu ya Uganda si kubwa, lakini ndani yake zimeandikwa aina zaidi ya 1,000 za ndege na aina zaidi ya 1,200 za vipepeo. Wageni huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili waje wawaone. Askari wetu, ambao hulala porini na kupiga doria katika vinamasi ambako mgeni huyo hafiki, huwapita viumbe hao bila kuwauliza majina. Ndiyo sababu Jumapili moja tulichukua wenzetu wachache wa jeshi na polisi waliokuwa na ruhusa, wote wakiwa wamevaa kiraia, tukaenda Entebbe katika ile Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Tulifika kabla ya saa moja asubuhi, maana ndege hawangoji mtu amalize chai. Wa kwanza kujitangaza walikuwa hondohondo weusi kwa weupe, ambao mvumo wa mabawa yao husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana. Baada yao alitokea shorobo mkubwa wa buluu, ndege mwenye mkia mrefu na kishungi cheusi kichwani, ambaye hukimbia juu ya matawi kama ngedere na huruka kwa shida kidogo. Hapo wapiga picha wapya walipata taabu yao ya kwanza. Ukimpiga ndege aliye juu ya mti, nyuma yake pakiwa na anga nyeupe, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, nayo humfanya ndege awe kivuli kitupu. Dawa yake ni kuiamuru kamera iongeze mwanga kwa hatua moja au moja na nusu, au kuhama ili jua liwe mgongoni mwako. Ndege aliyetulia hutosheka na kasi ya 1/250 ya sekunde. Anayeruka hutaka 1/1000 au zaidi. Ama kuhusu kubonyeza kitufe, hatukuwa na haja ya kufundisha. Miguu iachane kidogo, viwiko viguse mbavu, pumzi itolewe nusu na kuzuiwa, kisha kidole kibonyeze bila kukurupuka. Askari wote hujua jambo hilo kutoka uwanja wa shabaha.

“Afande,” akatuuliza konstebo mmoja kijana, “nikishampiga picha, ananisaidia nini?”

Swali hilo ni la haki, nasi hatukulijibu pale pale, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na vipepeo walikuwa wameanza kazi.

Kipepeo hawezi kuruka vizuri mpaka mwili wake upate joto. Kwa hiyo asubuhi humkuta ametandaza mabawa juu ya jani akiota jua, na hiyo ndiyo saa ya kumkaribia. Mpiga picha humwendea akiwa ameinama, bila kuruhusu kivuli chake kimguse, na huiweka kamera sambamba na mabawa ili bawa zima lionekane kwa ukali mmoja. Mchana, madume wengi hushuka kwenye matope, na hata mahali palipokojolewa na ng’ombe, ili wanyonye chumvi. Wale wakubwa wenye nguvu wa jamii ya Charaxes hupenda matunda yaliyooza na mavi ya wanyama. Mtu akichukia harufu atapata picha chache.

Katika vichaka vya kando ya njia tulimwonyesha yule konstebo kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizo na mabaka meupe. Ni Danaus chrysippus, anayeonekana karibu kila bustani. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu wa sumu, na sumu hiyo humfanya kipepeo awe mchungu kinywani mwa ndege. Ndege akimwonja mmoja, hawataki tena wenziwe. Sasa yuko kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, ambaye jike lake limevaa sare hiyo hiyo ya rangi ya machungwa, ilhali dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe. Ukiwatazama kwa haraka huwezi kumtenga jike huyo na yule mwenye sumu. Lakini picha ikikuzwa siri hutoka: mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa la nyuma, na mwigaji ana doa moja tu karibu na ukingo wa mbele wa bawa hilo. Yule konstebo aliikagua picha yake kwa muda, akahesabu, akasema, “Huyu kavaa sare ya kikosi kisicho chake.” Hatukuweza kulisema vizuri zaidi.

Mambo hayo ya sare za kuazima yalichunguzwa hapa hapa ziwani na daktari aliyekuja kupambana na ugonjwa wa malale. Geoffrey Hale Carpenter alifika Uganda mwaka 1910 kuwachunguza mbung’o katika visiwa vya Ziwa Viktoria, na katika Visiwa vya Ssese akaanza kuwakusanya vipepeo. Aligundua kwamba mahali ambapo vipepeo wenye sumu walikuwa wachache, waigaji wao walianza kuharibika sare: wengi walikuwa na rangi za kati, zisizofanana na kielelezo chochote. Maana yake ni kwamba ndege ndio wanaowalazimisha waigaji waige sawasawa, na ndege wasipofundishwa na sumu, hawakagui sare. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, alitumika kama daktari wa jeshi katika mapigano ya Afrika ya Mashariki, lakini hakuacha daftari lake, na mwaka 1925 akatoa kitabu cha mambo aliyoyaona katika safari hizo. Mwaka 1933 alifanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Uzito wa kazi yake ulikuwa katika jambo dogo sana: kila kipepeo alikuwa na kikaratasi chenye mahali na tarehe.

Yuko askari mwingine aliyetuachia somo la kinyume. Richard Meinertzhagen alijiunga na jeshi la King’s African Rifles mwaka 1902, na jina lake halijasahauliwa na Wanandi, kwa maana mwaka 1905 alimpiga risasi kiongozi wao Koitalel arap Samoei katika mkutano ulioitwa wa amani. Mtu huyu alikuwa pia mpenzi wa ndege. Mwaka 1954 aliikabidhi Makumbusho ya London mkusanyo wa ngozi za ndege zipatazo 20,000, akaheshimiwa kwa hilo hadi kufa kwake mwaka 1967. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliukagua mkusanyo ule na kukuta kwamba baadhi ya ngozi ziliibwa katika makumbusho hiyo hiyo, kisha zikaandikiwa mahali na tarehe za uongo. Hasara yake haikuwa ya makaratasi tu. Bundi mmoja mdogo wa India alikuwa hajaonekana kwa zaidi ya miaka 100, na waliomtafuta walipotoshwa na kikaratasi cha Meinertzhagen kilichodai kwamba alipatikana Gujarati mwaka 1914. Kikaratasi hicho kilipokataliwa, wachunguzi walielekea mahali pa zamani palipoandikwa kwa kweli, na mwezi wa Novemba 1997 wakamkuta bundi yule yu hai katika jimbo la Maharashtra.

Basi hilo ndilo jibu tulilompa konstebo wakati wa chakula cha mchana, chini ya mti. Picha isiyo na mahali, tarehe na saa ni pambo. Ikiwa navyo, tena vya kweli, ni ripoti, na ripoti ya askari hutegemewa na watu asiowajua. Sisi tulio katika kazi ya habari za jeshi tunalijua jambo hili kwa uchungu, kwani tumeona mara nyingi picha ya kweli ikisambazwa chini ya maelezo ya uongo.

Lakini hapa kuna mtego, na tunawaomba wenzetu wausome mara mbili. Simu nyingi za siku hizi huandika ndani ya picha yenyewe nukta ya mahali ilipopigwa. Kuitunza nukta hiyo ni jambo moja. Kuitangaza ni jambo jingine. Askari apigaye picha ya kipepeo karibu na kambi na kuirusha kwa marafiki huenda amemwonyesha adui kambi ilipo. Na apigaye picha ya kiota cha kasuku wa kijivu huenda amemwonyesha mwizi mti wenyewe. Kasuku hao wamewindwa sana kwa ajili ya biashara ya vizimba, hata mwaka 2016 mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini. Kwa hiyo zima kitu hicho katika simu kabla hujatoka, na mahali uandike kwa mkono katika daftari. Ripoti ya kiota wapewe wenye dhamana ya wanyama, si kila mwenye simu.

Na mlinzi wa daraja au bwawa akimwona raia mwenye lenzi ndefu, amri ni amri na picha haipigwi. Lakini akiwajua ndege wa pale ataweza kumwuliza kwa adabu anamtafuta yupi, na majibu yatamwonyesha mara moja kama mtu yule ni mpenzi wa ndege au mwongo.

Safari yetu ya pili ilikuwa Mabamba, kinamasi cha mafunjo kilicho magharibi ya Entebbe, ambacho tangu mwaka 2006 kimo katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Pale huingia watu kwa mtumbwi kumtafuta domo-kiatu, ndege wa kijivu mwenye kimo kipatacho mita moja na robo na mdomo kama kiatu cha mti. Idadi yao duniani kote hukisiwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000. Zamani wavuvi walimwona kuwa mkosi, wakaamini kwamba aliyekutana naye hatapata samaki siku hiyo, na walimwua. Siku hizi wengi wao huishi kwa kuwapeleka wageni wamwone, na mtu aliyekuwa adui yake ndiye anayemwinulia kidole na kumnyamazisha abiria.

Tulimkuta amesimama ukingoni mwa mfereji, akimvizia kamongo. Hakutikisika. Mwenye mtumbwi aliweka upondo chini, nasi tukakaa kimya karibu saa nzima, mtumbwi ukiyumba kidogo na kamera zikiwa tayari. Koplo mmoja alinong’ona kwamba hajawahi kuona mlinzi wa namna ile. Kisha ndege akaanguka mbele kwa uzito wake wote, mdomo na mabawa pamoja, maji yakaruka, na alipoinuka kamongo alikuwa akining’inia mdomoni pamoja na fungu la majani. Konstebo alipiga picha kumi na moja. Tisa zilikuwa za maji tu. Katika daftari aliandika: Mabamba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mmoja, amepata.