Kimbunga kikipiga Kilwa, sisi wa Kanazi tunahusika vipi? Ufafanuzi kwa waliopita JKT na wanaowashangaa



Kuna swali nimeulizwa hapa Kanazi zaidi ya mara moja, hasa na wazee: hivi nyie mliopita JKT mnapigiana simu kila leo za nini? Fulani kaoa, fulani kahamia Lindi, fulani kapata mtoto wa kike... yanawasaidia nini? Leo najibu, na jibu langu linapitia kwenye kimbunga. Najua hapa Ngara bahari tunaiona kwenye ramani tu, ila nivumilieni kidogo.

Kwanza kimbunga chenyewe. Kile wanachoita hurricane huko Marekani, saikloni huku Bahari ya Hindi na taifuni kule Japani na Ufilipino ni kitu kile kile, majina ndo yanatofautiana. Kinahitaji bahari yenye joto, kama nyuzi 26 kwenda juu, halafu kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kuusokota upepo. Karibu na ikweta nguvu ya kuusokota ni ndogo sana, ndo maana pwani yetu haipigwi mara kwa mara. Pia Madagaska imekaa kule mbele inapokea vipigo vingi vinavyotoka mashariki.

Lakini "mara chache" sio "kamwe". Zanzibar ilipigwa vibaya Aprili 1872, mikarafuu mingi ikalala chini. Lindi ikapigwa Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa, kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, huku wenzetu wa Mtwara wakiwa roho juu. Aprili 2021 Jobo kilikuja kikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Halafu Mei 2024 kikaja Hidaya.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikaifikia pwani yetu upande wa Mafia. Upepo ulishapungua nguvu, ila mvua ndo ilikuwa kazi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga, wilaya ya Kilwa. Yaani magari ya kusini na ya Dar yakabaki yanatazamana, maji katikati. Na kumbuka nchi ilikuwa imeshalowa tayari: tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155.

Sasa JKT inaingiaje hapo?

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 ikaamuliwa wasomi nao waende kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana na wengi wakafukuzwa. Baadaye ikazoeleka. Mwaka 1994 utaratibu huo wa lazima ukasitishwa, ukarudi 2013, na kuanzia hapo wanaomaliza kidato cha sita wanaitwa kwa mujibu wa sheria. Mimi ni mmoja wao, nilikwenda mwaka 2019 kwenye kambi moja ya mkoa wa Kigoma.

Mkiwa kule mnachanganywa makusudi. Hanga moja unalala na Mmakonde, Msukuma, Mpemba, Mchaga. Mchakamchaka saa kumi alfajiri, dona na maharage, kwata hadi goti linagoma. Kisha mnafunga mafunzo, mnalia, mnatawanyika nchi nzima. Serikali inasema lengo ni umoja wa kitaifa, sawa. Ila kuna faida nyingine ambayo haisemwi: kila kuruta anarudi nyumbani na ndugu katika kila mkoa.

Hidaya kilipokaribia, kombania yetu ilikuwa na watu wanne upande ule. Mmoja anafundisha shule ya msingi Kilwa, mmoja ana duka la vipuri vya pikipiki Nangurukuru, mmoja yuko Mafia kwa mume wake, na wa nne alikuwa amehamia huko wiki tatu tu kabla. Tulijuaje huyo wa nne yuko kule? Kwa sababu alishatupa taarifa: jamani nimepata kibarua huku, nimebadilisha laini, namba mpya hii hapa. Ile taarifa ambayo wazee wanaiona ya umbea ndo iliyotufanya tumtafute. Wazazi wake wako Biharamulo na walikuwa na namba ya zamani. Alikaa kimya siku mbili nzima. Yule wa dukani alipita kwenye maji hadi alikopanga, akamkuta mzima, kalowa, simu imezima chaji, analala darasani na familia nyingine. Mama yake alipopata habari alishindwa hata kuongea, akampa simu mtu mwingine aongee.

Hapo ndo nataka tuelewane. Sisi sio jeshi la uokoaji. Mtu wa miezi mitatu hajui kuendesha boti kwenye mafuriko na asijifanye anajua. Uokoaji una wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji, kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na kwenye mambo mazito jeshi linaitwa. Matope yaliposhuka toka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu 89 pale Katesh na vijiji vya jirani, vikosi vya ulinzi viliingia kwenye matope, na SUMA JKT wakawa miongoni mwa waliojenga nyumba za waathirika. Kimbunga Freddy kilipoitesa Malawi mwaka 2023, Tanzania ilipeleka unga, mahema, mablanketi na wanajeshi.

Kazi yetu ni ile ambayo kamati haiwezi kuifanya haraka: kujua nani yuko wapi, nani hajaonekana, na ndugu zake ni akina nani. Tukishajua, tunampelekea taarifa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kule.

Kuna la pili, mchango. Mzee mmoja hapa alijitolea gunia la maharage liende Kilwa. Moyo mzuri sana, Mungu ambariki, lakini hebu tupige hesabu. Toka Ngara hadi Kilwa ni zaidi ya kilomita elfu moja, nauli ya gunia inakaribia kuyala maharage yenyewe, na barabara imekatika. Tukauza gunia hapa hapa sokoni, pesa ikaenda kwa simu, yule wa dukani akanunua unga na sukari kwa mfanyabiashara wa kule kule. Chakula kikafika siku ile ile na mfanyabiashara naye akapata pa kuanzia.

Ila matapeli nao hawalali. Kwa hiyo sisi tuna taratibu tatu: mpokeaji ni mmoja anayejulikana sura na sauti, kabla ya kutuma unampigia umsikie, ujumbe pekee hautoshi, na orodha ya nani katoa nini inaonwa na wote.

Kwa waliopita JKT, mgambo, hata bweni moja la sekondari, ushauri wangu ni mdogo. Ukihama, sema. Ukibadilisha laini, sema. Ukioa, sema, na namba ya mwenza wako tuachie. Siku njema itakuwa stori ya kuchekea tu. Siku mbaya mtu atajua aanzie mlango gani kukutafuta.

Wazee wangu wa Kanazi, nadhani nimejibu. Ngara hatuna bahari, ila watoto wetu wako kule ilipo.

Wadau wa kusini mliokuwepo wakati wa Hidaya, karibuni mtuelezee hapo chini, na pale nilipopunguza ongezeeni.