Kifimbo cha Nyuma Kinachoamua Mwanga wa Mbele

Gari linapotoka gereji baada ya kubadilishiwa springi na shokapu, kisha taa zake za mbele zikaanza kumulika matawi ya miti au kuishia hatua chache mbele ya bampa, lawama huangukia taa zenyewe, ilhali chanzo mara nyingi kimejificha karibu na tairi la nyuma. Hapo, katika magari mengi yenye taa za xenoni, ambazo mwanga wake hutokana na gesi inayopitishiwa umeme, hufungwa sensa ya urefu, yaani kifaa kinachopima umbali kati ya bodi na mguu wa gari ili kompyuta ijue kama nyuma imelemewa na mzigo.

Sensa hiyo huunganishwa na mguu kwa kifimbo chembamba chenye kigololi kila ncha, kitu duni kwa sura, ambacho hushika kutu, hujaa tope na hatimaye kuganda. Fundi wa miguu akiushusha mkono wa gari, yaani chuma kinachoshikilia tairi, bila kukifungua kwanza, hukipinda au kukivunja, au hukirudisha huku wenzo wa sensa umegeukia upande usio wake. Mchana kutwa gari hutembea vizuri, wala hapana kinachogonga. Giza likiingia ndipo kompyuta, iliyodanganywa kwamba nyuma imeinuka, hunyanyua mwanga na kumpofusha dereva wa mbele ambaye hakuwahi kufika gereji hiyo.

Fundi umeme anayezijua taa hizi hashiki bisibisi kwanza. Huwasha taa akitazama ukutani, kwa kuwa katika magari mengi mwanga huinama na kuinuka mara tu unapowashwa, na ukicheza hivyo, mota inayoinamisha na kuinua taa ni nzima, basi huingia chini ya gari. Hukichomoa kifimbo, akausogeza wenzo taratibu kwa kidole huku mwenzake akiangalia kama mwanga unafuata. Anayekimbilia skrubu ya kurekebishia taa huuficha ugonjwa tu, kwani kifimbo kikitengenezwa baadaye mwanga utapotoka upya. Kipimo cha mwisho hufanyika mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo unaotakiwa na dereva yuko kitini: kwa mwinamo wa asilimia 1, ukingo wa juu wa mwanga wa kupishania hushuka sentimita 10 katika umbali wa mita 10. Kabla ya hapo, boliti za bushi, yaani mipira iliyo kwenye viungo vya mikono, ziwe zimekazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, maana zikikazwa tairi zikining'inia, mipira hiyo hubaki imejisokota na kulisukuma gari juu.

Kigumu zaidi ni gari lililonyanyuliwa kwa spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, pande zote nne kwa sababu ya barabara mbovu. Bodi imelala sawa, lakini sensa iliyo nyuma peke yake husoma kwamba nyuma imepanda, na taa huinuka bila haja. Kifimbo kirefu zaidi, au kuisawazisha sensa upya kwa mashine, huurudisha mwinamo, ila taa zenyewe zimebaki juu kuliko kiwanda kilivyoziweka, na mwanga wake hufika mbali zaidi. Aliyeuza spesa, aliyezifunga na aliyerekebisha taa, ni nani kati yao anayepaswa kulijibia hilo?