Bosi, ongea na watu wako!

Leo tuwaguse mabosi kidogo. Na usiseme hayakuhusu: ukishaajiri hata kijana mmoja kwenye kibanda chako cha kuchaji simu, tayari na wewe ni bosi.

Tukisikia wafanyakazi wamegoma, wengi wetu tunawaza mshahara tu. Mara nyingi ni kweli, lakini siyo mara zote. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kikawakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa watu. Wafanyakazi wakakishika kweli kweli! Kati ya 1971 na 1973 migomo ikazuka viwandani, na malalamiko mengi hayakuwa ya pesa bali ya jinsi mameneja walivyowatukana na kuwadharau. Kuna mameneja walifungiwa nje ya geti.

Na siyo kwamba vikao havikuwepo. Mabaraza ya wafanyakazi yalishaanzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970. Tatizo ni kwamba kuitisha kikao ni kitu kimoja, kusikilizana ni kingine.

Sasa bosi afanye nini?

Kwanza, asinyamaze. Mshahara ukichelewa, sema kabla tarehe haijafika, sema kwa nini, na sema utatoka lini. Ukikaa kimya watu watajijazia wenyewe. Jioni utasikia umejenga ghorofa kwa jasho lao.

Pili, kosa la mtu liseme pembeni, mkiwa wawili. Ukimfokea mbele ya wateja atakaa kimya, ila hutamsikia tena akikupa wazo.

Tatu, uliza, halafu sikiliza mpaka mwisho. Anayeshinda kaunta ndiye anayejua wateja wanalalamikia nini. Na akikuletea habari mbaya usimkaripie yeye. Ukimkaripia leo, kesho ataficha, na hasara utaikuta kwenye daftari.

Nne, kwenye kupunguza wafanyakazi, kuongea siyo hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla hajapunguza mtu. Kwa hiyo ukikuta tu jina lako limebandikwa ukutani Ijumaa jioni, bila kikao chochote, jua una haki ya kuuliza.

Kuongea na watu vizuri hakuhitaji bajeti wala semina ya hotelini. Heshima haikatwi kodi jamani!

Haya, wadau, kazini kwako bosi anaongeaje? Na wewe uliyeajiri wenzako, je, wao wangesemaje? Mwaga stori hapo chini, ila majina ya watu tuyaache.