Nishani za Wounded Knee: Mauaji ya Walakota Yaliyoitwa Ushujaa

Mwezi Septemba 2025, Pete Hegseth, waziri mwenye dhamana ya majeshi ya Marekani, alitangaza kwamba askari waliotunukiwa Nishani ya Heshima kwa yale waliyoyatenda mahali paitwapo Wounded Knee mwaka 1890 hawatafutiwa nishani hizo. Akasema wanazistahili. Mtangulizi wake, Lloyd Austin, alikuwa ameagiza mwaka 2024 kwamba suala hilo lichunguzwe upya.

Asikiaye kwa mbali anaweza kuuliza: ubishi wote huu wa nini, juu ya vipande vya chuma vya watu waliokwisha kuzikwa zamani? Lakini kwa wajukuu na vitukuu wa waliouawa siku ile, nishani si chuma. Ni hukumu. Inasema kwamba kilichotokea kilikuwa vita, na kwamba waliowafyatulia risasi wanawake na watoto walikuwa mashujaa.

Wengi wetu tuliwajua wenyeji wa Marekani kupitia sinema za makauboi, ambamo waliitwa Wahindi Wekundu na kazi yao ilikuwa kupiga mayowe na kuanguka kutoka juu ya farasi. Tumeona vyema wiki hii kuwapa wasomaji wetu, hasa vijana, historia ya taifa mojawapo kati yao, taifa la Walakota, kwa namna ambayo sinema zile hazikuisimulia.

Ng'ombe mmoja na mzinga

Walakota ni watu wa nyanda za katikati ya Marekani, katika maeneo ambayo leo ni majimbo ya Dakota Kusini, Dakota Kaskazini, Nebraska, Wyoming na Montana. Wamegawanyika katika koo kuu saba, zikiwemo Oglala, Sicangu, Hunkpapa na Miniconjou. Maisha yao yalitegemea nyati wa nyanda hizo: nyama ilikuwa chakula, ngozi ikawa hema na vazi, mifupa ikawa zana.

Mwaka 1851 serikali ya Marekani ilitiliana nao mkataba katika ngome ya Fort Laramie, pamoja na mataifa mengine ya wenyeji. Wahamiaji weupe waliokuwa wakielekea magharibi wangepita kwa amani, na endapo mwenyeji angewadhuru wasafiri hao, watu wake wangelipa fidia.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 1854, ng'ombe wa mhamiaji mmoja alipotea akaingia katika kambi ya Walakota, naye akachinjwa. Mzee wa kambi, Conquering Bear, alitaka kulipa fidia kama mkataba ulivyosema. Badala ya kupokea malipo, luteni kijana aitwaye John Grattan alikwenda kambini na askari 29 na mizinga miwili, akitaka akabidhiwe aliyemchinja ng'ombe. Mazungumzo yalivunjika, askari wakafyatua risasi, na mzee yule akapata jeraha lililomuua. Walakota wakawageukia askari wale na kuwaua wote.

Jibu la jeshi lilikuja Septemba 3, 1855. Jenerali William Harney aliikuta kambi ya Walakota wa Sicangu, chini ya mzee wao Little Thunder, kando ya kijito cha Blue Water huko Nebraska. Huku akizungumza na mzee huyo, askari wake wa farasi walikuwa wakizunguka nyuma ya kambi. Mazungumzo yalipokwisha, watu walijikuta wamezingirwa. Wanawake na watoto waliokimbilia katika mapango ya majabali walipigwa risasi humo humo. Waliouawa walikuwa 86, na wapatao 70, wengi wao wanawake na watoto, walichukuliwa mateka. Mwanzo wa yote hayo ulikuwa ng'ombe mmoja ambaye mwenyewe angelipwa.

Mkataba, dhahabu na njaa

Haikuwa kila mara Walakota kushindwa. Kati ya mwaka 1866 na 1868, chini ya kiongozi wao Red Cloud, waliipigania ardhi yao hadi jeshi likakubali kufunga ngome zake katika njia ya Bozeman iliyopita katika mawindo yao. Mkataba mpya ulitiwa saini mwaka 1868, tena Fort Laramie. Serikali ilikubali kwamba eneo kubwa, likiwemo Paha Sapa, yaani Vilima Vyeusi, ambavyo Walakota wanavitukuza, ni mali yao. Kifungu kimoja kilisema kwamba hakuna sehemu ya ardhi hiyo itakayotolewa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima wa taifa lao.

Mkataba ulidumu miaka sita tu. Mwaka 1874 jeshi lilimtuma George Custer na Kikosi cha Saba cha Askari wa Farasi kupeleleza Vilima Vyeusi. Habari zikaenea kwamba kuna dhahabu, na wachimbaji wakamiminika. Serikali haikuwatoa wavamizi. Iliwaamuru Walakota waliokuwa mawindoni wajisogeze katika vituo vya serikali kabla ya Januari 31, 1876, katikati ya majira ya baridi kali. Ambao hawakufika walihesabiwa kuwa maadui.

Ndipo likaja pambano la Little Bighorn, Juni 25, 1876, ambapo Custer aliishambulia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne, akauawa pamoja na askari wake zaidi ya 200. Pambano hilo ndilo linalosimuliwa sana. Yaliyofuata husimuliwa kidogo. Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba Walakota hawatapewa posho ya chakula hadi watakapoiachia serikali Vilima Vyeusi. Nyati walikuwa wakimalizwa na wawindaji wa ngozi, na mtu mwenye watoto wanaolia njaa hana mengi ya kujadiliana. Hata hivyo, waliotia saini walikuwa kama mmoja katika kila kumi tu, wala si robo tatu. Mwaka 1877 ardhi ilichukuliwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka huo huo Crazy Horse, mmoja wa makamanda wa Walakota, aliyekuwa amekwisha kujisalimisha, alichomwa singe akiwa mikononi mwa askari katika ngome ya Fort Robinson.

Asubuhi ya Desemba 29

Mwaka 1889 ardhi iliyobaki ilikatwa vipande, na mgao wa nyama ukapunguzwa. Katika hali hiyo ya njaa na maradhi, Walakota walisikia mafundisho ya Wovoka, mtu wa kabila la Wapaiute huko Nevada. Alisema kwamba watu wakiishi kwa wema bila kupigana, na wakicheza ngoma aliyowafundisha, wafu wao watarudi na nyati watarejea. Maofisa wa serikali waliingiwa na hofu kwa ngoma hiyo, na Rais Benjamin Harrison akapeleka maelfu ya askari. Desemba 15, 1890, polisi wa kienyeji waliotumwa na ofisa wa serikali kumkamata mzee Sitting Bull walimuua nje ya nyumba yake.

Mzee mwingine, Spotted Elk, ambaye wazungu walimwita Big Foot, aliwachukua watu wake wapatao 350 kuelekea Pine Ridge kutafuta usalama kwa Red Cloud. Wengi walikuwa wanawake na watoto, naye mwenyewe alikuwa akitema damu kwa homa ya mapafu. Desemba 28 askari wa Kikosi cha Saba, kile kile cha Custer, waliwakuta njiani. Walakota waliinua bendera nyeupe, wakasindikizwa hadi kijito cha Wounded Knee na kupiga kambi chini ya ulinzi. Usiku ule Kanali James Forsyth alifika na askari zaidi, hata wakawa kama 500. Juu ya kilima ikasimamishwa mizinga minne ya Hotchkiss, midomo ikielekezwa kambini.

Asubuhi wanaume waliketishwa mbali na familia zao, na askari wakaanza kupekua mahema na kukusanya silaha. Katika mvutano wa bunduki moja, risasi ililia. Askari walifyatua kwa pamoja, na mizinga ikayafyatulia mahema. Wanawake waliokimbia na watoto wao katika korongo walifuatwa, na miili ya baadhi yao ilipatikana kilomita kadhaa kutoka kambini. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 250 na 300. Askari 25 nao walikufa, baadhi yao kwa risasi za wenzao, kwa kuwa walikuwa wamewazunguka mateka wao pande zote.

Kisha ikaja tufani ya theluji. Siku ya nne daktari Charles Eastman, mwenyewe mtu wa taifa la Wadakota, alikwenda na wenzake kutafuta waliosalia hai. Katika waliopatikana alikuwamo mtoto mchanga wa kike chini ya maiti ya mama yake iliyoganda. Januari 3, 1891, miili 146 ilitupwa katika kaburi moja refu.

Mtoto yule aliitwa Zintkala Nuni, yaani Ndege Aliyepotea. Ofisa mmoja wa kijeshi, Leonard Colby, alimchukua na kumfanya mwanawe; mkewe, Clara, ndiye aliyemlea. Alikulia kati ya watu waliomwona mgeni, na alipowarudia Walakota hakuijua lugha yao. Alikufa katika umaskini mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 29, huko California. Mwaka 1991 Walakota waliyafukua mabaki yake na kuyarejesha Wounded Knee, karibu na kaburi la ndugu zake.

Doa lisilofutwa

Jenerali Nelson Miles, mkuu wa majeshi katika eneo lile, alikasirishwa na yaliyotokea, akayaita mauaji, na kumwondoa Forsyth madarakani. Wakubwa wake Washington walimrudisha, na baadaye akapandishwa cheo hadi kuwa jenerali. Askari wapatao 20 wakatunukiwa Nishani ya Heshima. Maelezo ya baadhi ya nishani hizo yanasifu kuwatoa Walakota waliojificha korongoni. Tumekwisha kuona ni akina nani waliokimbilia huko.

Nishani hizi si kitu kisichoweza kufutwa. Mwaka 1917 jeshi lilifuta nishani 911 zilizoonekana kutolewa isivyostahili, baada ya uchunguzi wa jopo lililoongozwa na Miles huyo huyo. Za Wounded Knee ziliachwa. Mwaka 1990, miaka 100 baada ya mauaji, Bunge la Marekani lilieleza masikitiko yake makubwa, lakini nishani halikuzigusa. Muswada wa kuzifuta uliwasilishwa mwaka 2019, nao haujawa sheria.

Ama kuhusu Vilima Vyeusi, mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihukumu kwamba vilichukuliwa isivyo halali, na kuamuru Walakota na jamaa zao walipwe zaidi ya dola milioni 100. Hawakuzipokea. Fedha hizo zimezaa riba hadi kupita dola bilioni moja, na jamii zao zingali miongoni mwa maskini kabisa nchini Marekani. Hata hivyo wanasema ardhi hiyo haikuuzwa. Wahenga wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo.

Kuna waliyoyapata kwa subira. Mwaka 1999 jumba la makumbusho la Glasgow liliwarudishia shati lililosemekana kuvuliwa maiti ya Wounded Knee. Mwaka 2022 makumbusho ya mji wa Barre, Massachusetts, yalirejesha vitu vipatavyo 150, na mwaka huo huo jamii mbili za Walakota zilinunua ekari 40 za ardhi ya mahali pa mauaji. Kila Desemba vijana wao hupanda farasi kufuata njia aliyopita Spotted Elk na watu wake, katika baridi ile ile.

Wanachodai kwa nishani hizi hakina gharama. Hawaombi fedha wala kumfunga mtu, kwani wote wamekufa. Wanataka taifa lililowaua wazee wao likubali kwamba pale hapakuwa na ushujaa. Aliyedhulumiwa huweza kusubiri mali yake miaka mingi, na Walakota wameonyesha hivyo. Lakini maadamu muuaji anaitwa shujaa, aliyeuawa anabaki akiitwa adui, hata kama alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake.