Je, Wajua? Nyaraka zilizolowa huokolewa kwa kugandishwa

Tarehe 18 Aprili 2021, moto wa nyika ulishuka kutoka miteremko ya milima ya Cape Town, Afrika Kusini, ukaiunguza Maktaba ya Jagger ya chuo kikuu cha jiji hilo. Chumba cha kusomea kiliteketea pamoja na vitabu na filamu nyingi za Kiafrika, hasara isiyolipika. Nyaraka nyingi za ghala la chini zilinusurika, kwani milango ya kuzuia moto ilijifunga yenyewe.

Lakini maji ya wazimamoto yaliingia humo, yakaleta adui mwingine: kuvu, ambayo huweza kuota kwenye karatasi mbichi ndani ya siku mbili tatu tu. Wakajitokeza watu wengi wa kujitolea, wakazitoa nyaraka kreti baada ya kreti. Zilizolowa zikagandishwa ndani ya makontena ya baridi. Ubaridi huo huizuia kuvu isiendelee kukua na wino usizidi kusambaa. Baadaye nyaraka hukaushwa katika mashine iliyoondolewa hewa, ambamo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Kila chuo chenye nyaraka kingepaswa kujua mapema kontena la baridi litapatikana wapi.

Hata hivyo, picha za kale za kioo zilizotengenezwa kwa kemikali iitwayo kolodioni hazigandishwi kamwe. Hukaushwa kwa hewa, upande wa picha ukielekea juu.