Dadu za betri: taa zinawaka, faida bado haionekani

Seti ya dadu saba za plastiki, zile za michezo ya mezani ya kuigiza, huuzwa Marekani kwa dola 10 hivi. Dadu moja tu ya betri, yenye taa ndani na inayotuma namba kwenye simu kwa bluetooth, inakwenda kati ya dola 30 na 50. Anayetaka zote saba, kuanzia ya pande nne hadi ya pande 20, ajiandae kutoa zaidi ya dola 200 kabla mzigo haujapanda ndege.

Kwa bei hiyo mtu angesema hilo ni suala la wachezaji wenyewe. Lakini muuzaji wa ludo, keram, drafti na karata anaishi kwa faida ya shilingi chache kwa kila pisi, na kwake kijisanduku kimoja cha dadu za betri kingeweza kuingiza faida ya katoni nzima ya dadu za kawaida. Kwenye karatasi, yaani.

Mmoja wa wauzaji hao, mwenye duka jirani na Mtaa wa Kongo, Kariakoo jijini Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lisitajwe, aliagiza sampuli. Shida zake anazisimulia kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuzisimulia sana. Kwanza Guangzhou, China: wakala wa usafirishaji aliposikia kuna betri, akauhamishia mzigo kwenye bei ya juu kwa kilo, kwa kuwa bidhaa zenye lithiamu zina masharti yake kwenye ndege. Kisha Dar es Salaam: aliyeukagua mwanzo alisema ni vifaa vya michezo, aliyefuata akasema kitu chenye bluetooth ni kifaa cha mawasiliano na kinataka kibali. Wakubwa walipokuwa wanabishana, anasema, gharama za stoo zilikuwa zinahesabika upande wake. Na mzigo wenyewe ulikuwa unaenea kwenye viganja viwili.

Ofisa mmoja anayeshughulika na forodha, ambaye naye hakutaka kutajwa, anakana kuwapo kwa mkanganyiko. Anasema dadu, ziwe na taa au zisiwe nayo, zimo kwenye sura ya 95 ya kitabu cha ushuru, kifungu cha 9504 cha michezo ya mezani, na ushuru wake ni asilimia 25, sawa na bidhaa nyingine nyingi zilizokamilika zinazoingia Afrika Mashariki. Asilimia 25, basi. Namba hiyo aliirudia kana kwamba inafunga mjadala.

Haifungi. VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye bei ya kiwandani. Hutozwa juu ya thamani ya mzigo ikijumlisha nauli, bima na ushuru wenyewe. Mzigo uliofika ukiwa na thamani ya Sh100,000 unakuwa Sh125,000 baada ya ushuru, na Sh147,500 baada ya VAT, tozo ndogondogo bado hazijaguswa. Kuhusu kibali cha mawasiliano, ofisa alijibu kwamba hilo si la idara yake. Hapo ndipo hasa kilio cha mfanyabiashara kilipo: kitabu kiko wazi, ila mzigo hupita kwenye meza zaidi ya moja.

Dadu zenyewe mfanyabiashara huyo alizitoa zikiwa kwenye kasha la kuchajia, kila moja kwenye tundu lake. Ya pande 20 aliirusha juu ya kitabu cha risiti ili isikwaruze kioo cha kaunta. Iliviringika ikiwaka buluu, ikatulia kwenye 14, na simu yake ikaonyesha 14. Ya pande sita haikuwaka kabisa mpaka ilipochajiwa. Wateja wawili waliokuja kununua kete za ludo walizitazama dadu hizo, wakauliza bei, wakacheka na kulipia kete zao.

Sifa moja inayotangazwa na watengenezaji ni kwamba dadu hizi hazipendelei upande. Dai hilo lichukuliwe kwa tahadhari. Dadu za kasino zinaaminika kwa sababu hazina kitu ndani: ni plastiki inayoonekana hadi upande wa pili, kona zake ni kali, na vitone vimejazwa kwa malighafi yenye uzito uleule. Dadu ya betri imebeba betri, sakiti na taa, na kazi ya kiwanda ni kuvipanga vitu hivyo hadi uzito uwe katikati. Wapo wanaoiweza. Mnunuzi wa kawaida hana namna rahisi ya kuhakikisha, maana hata kuijaribu dadu ya pande 20 kwa kipimo cha kitakwimu kunahitaji mirusho 100 kwa uchache, na mamia zaidi ukitaka jibu la kutegemewa. Kuna ujanja wa kuelesha dadu ya plastiki kwenye glasi ya maji ya chumvi na kuona kama upande mmoja unarudi juu kila mara. Sijui nani atathubutu kuichovya ya dola 40.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni betri. Nyingi hufungiwa ndani ya resini. Ikichoka, dadu haifunguki. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa dukani, kwa hiyo kisichouzika mapema kinapungua thamani rafuni, jambo ambalo dadu ya plastiki hailijui. Baadhi ya watengenezaji wanatumia kiini kimoja cha kielektroniki kinachovalishwa maganda ya maumbo tofauti. Hiyo inapunguza gharama, lakini kiini kikifa, maganda yote yanabaki mapambo.

Marekani, ambako mchezo wa Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974 na kuzaa soko lote hili, wateja nao wameonja. Corona iliwahamishia wachezaji kwenye intaneti mwaka 2020, na mwaka uliofuata miradi ya dadu hizi ikachangiwa mamilioni ya dola. Waliochangia mmoja wa mikubwa waliahidiwa mzigo 2022. Wengi walisubiri hadi 2023 na kuendelea. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulipanda hadi asilimia 145 kabla ya kushushwa hadi 30 mwezi uliofuata. Mfanyabiashara wetu anatumaini viwanda vya China vitageuzia huku nakala za bei rahisi. Huenda. Huenda pia nakala hizo zikaja na programu ambayo baada ya mwaka haifunguki kwenye simu mpya.

Anayenufaika kweli ni yule anayecheza na wenzake walio mbali, anayetaka kurusha dadu halisi na namba ionekane kwao papo hapo. Hata huyo ana mbadala wa bure, kwani meza za mtandaoni humrushia dadu bila senti. Wanaokaa meza moja hawahitaji simu iwasomee namba wanayoiona kwa macho.

Mchezaji mwenye hela ya ziada anunue moja ya pande 20, ndiyo inayorushwa zaidi, na seti aiache. Muuzaji aagize kwa oda iliyolipiwa tu, na suala la kibali alimalize kabla mzigo haujatoka Guangzhou.