Kupooza kwa Dakika Chache: Mama, Usidharau

Mama, pengine umekwisha kuona jambo hili nyumbani. Nyanya ameketi anakunywa chai, mara kikombe kinaanguka toka mukono wake. Mukimuuliza neno, anajibu kama mutu mulevi. Kisha dakika 10 anasema vizuri tena na anataka kwenda shamba. Wengine wanasema, "Ni kuchoka tu." Wengine, "Wamemuloga." Hapana. Inaweza kuwa kiharusi kidogo.

Ni kitu gani?
Ubongo unaishi kwa damu, na damu inapita ndani ya mishipa kama maji katika mufereji. Kipande cha damu iliyoganda kikiziba mushipa, sehemu ile ya ubongo inashindwa kazi yake. Kikiyeyuka upesi, nguvu inarudi, mara nyingi mbele ya saa moja kupita. Lakini kipande kingine kinaweza kuja na kukaa. Ndiyo kupooza kwenyewe, ao kufa. Hatari inazidi katika siku 2 za kwanza.

Alama zake
Zinakuja kwa gafula, mara nyingi bila maumivu:
1. Uso unalegea upande mumoja. Umwambie acheke, utaona.
2. Mukono ao muguu wa upande mumoja unakosa nguvu. Umwambie ainue mikono yote 2.
3. Maneno yanachanganyika, ao hasikii maana ya maneno yako.
4. Jicho moja linaona giza.
5. Anayumba akitembea.

Ufanye nini?
Angalia saa alama zilipoanza. Umupeleke hospitali siku ileile, hata kama amekwisha kupona. Kama maneno yanamushinda, usimupe chakula wala maji, asipaliwe. Usimupe aspirini nyumbani: pengine mushipa umepasuka, na dawa ile itazidisha kutoka damu. Usimuchanje chale.

Tujilinde namna gani?
Sababu kubwa ni tansio ya juu. Haiumi; kipimo tu kinaionyesha. Siku unapoleta mutoto kupimwa kilo, uombe wakupime tansio wewe pia. Ikiwa 14 juu ya 9 ao zaidi, urudi kupimwa tena. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Punguza chumvi, acha tumbako. Mwenye ugonjwa wa sukari ao wa moyo ajilinde zaidi.

Na mutoto mwenye SS anaweza kupooza vilevile. Ukiona alama hizi kwake, mukimbize kwa munganga.

Ukifika nyumbani, fundisha bwana yako na watoto wakubwa alama hizi 5. Siku ile pengine mugonjwa atakuwa wewe.